Tenga Barabara Kabla ya Kuuza Kiwanja: Mwongozo Kamili wa Kupanga Mji Mdogo Unaokua

Bikoni, ile alama ya mpaka inayowekwa na mpima ardhi, tuliikuta jikoni. Tulikuwa tumezunguka juani saa nzima, mpima na kifaa chake begani, mimi na ramani mkononi, katika mji mdogo mmoja kando ya barabara kuu ya Dodoma kwenda Morogoro. Kifaa kikatupeleka mpaka mlangoni kwa mama mmoja aliyekuwa anasonga ugali. Akatukaribisha, akaepua sufuria, na pembeni ya figa la tatu tukaona kichwa cha chuma kilichozungushiwa saruji. Kwenye ramani, jiko lile lilikuwa katikati ya barabara yenye upana wa mita 20.

"Wanangu, mimi nilinunua," akasema, akatuletea hati ya mauziano aliyoihifadhi kwenye mfuko wa nailoni. Mashahidi watatu, sahihi na muhuri. "Nilionyeshwa kuanzia mwarobaini ule mpaka mkuyu ule. Barabara hakuna aliyenitajia."

Alisema kweli. Barabara ilikuwa imechorwa miaka tisa nyuma, ramani ikafungiwa kabatini ofisini, na greda halikupita hata siku moja. Mwenye shamba akauza alichokiona, mama akanunua alichoonyeshwa. Kuifungua barabara ile leo maana yake ni kuvunja nyumba yake na nyingine kumi na kadhaa, na kuzilipa zote. Kuiacha maana yake ni mtaa mzima kukosa njia ya gari la wagonjwa.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya diwani, mtendaji wa kata, mwenyekiti wa mtaa na afisa mipango miji aliyeajiriwa juzi, wa Kibaigwa, Kondoa, Mpwapwa, Manyoni, Bahi, Chamwino na miji mingine ya kanda ya kati ambayo bado ina mashamba pembeni. Miji hiyo ina nafasi ambayo miji mikubwa imeshaipoteza: kutenga njia wakati ardhi bado ni shamba la mtama.

Dodoma yenyewe inafundisha mengi kwa anayeiangalia vizuri. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulifanyika 1973, mamlaka ya kustawisha makao makuu, CDA, ikaundwa mwaka huohuo, na mpango kabambe wa kwanza, yaani mpango mkuu wa mji mzima, ukakamilika 1976, ukiwa umeandaliwa na kampuni kutoka Toronto, Kanada. CDA ilivunjwa 2017, na mwaka uliofuata Dodoma ikawa jiji. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956. Ya 2022 ikahesabu 765,179. Penye njia zilizotengwa mapema, kama Area D na Kisasa, leo mtaro na bomba vina pa kupita. Mahali ambapo watu waliutangulia mpango, kama sehemu za Chang'ombe, kazi ya kurekebisha imekuwa ndefu na yenye maumivu.

Hatua ya 1: Tembea na maji

Usianze na kompyuta. Anza na gambuti, katika miezi ya mvua, Desemba hadi Aprili. Kwetu mvua ni chache, kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na huo uchache ndio unaotudanganya. Korongo likikaa kavu miezi minane mtu huliona ni uwanja wa bure, akapima hatua zake, akachimba msingi. Kumbe mvua yetu hunyesha kwa kishindo, siku chache, juu ya ardhi ngumu isiyo na majani ya kutosha, na maji hushuka yote kwa pamoja.

Piga hesabu hii mbele ya wajumbe wa serikali ya mtaa, itawaingia kuliko hotuba. Mvua ya milimita 50 ikinyesha kwenye hekta moja inaleta lita 500,000 za maji. Hayo ni maboza 50 ya lita 10,000 kila moja. Shamba hunywa sehemu ya maji hayo. Ukilifunika kwa mabati, saruji na njia zilizoshindiliwa, karibu yote yatatafuta pa kwenda, na yatapita kwenye nyumba ya jirani aliye chini.

Chukua daftari, simu yenye GPS na mzee mmoja wa pale. Mzee ni wa lazima. Siku moja tulikuwa na picha nzuri ya setilaiti, tumeshaweka alama ya soko kwenye tambarare. Babu mmoja wa Kigogo tuliyemwamkia "Mbukwenyi" akaitika, akatazama karatasi, kisha akatuuliza kwa upole, "Hapo mtauzia samaki?" Akatupeleka akatuonyesha shina la mbuyu lenye mstari wa tope uliokauka, karibu na goti langu. Ile ilikuwa mbuga, udongo mweusi unaonyonya maji ukavimba, na ukikauka unapasuka nyufa za kuingia kiganja. Hata jina la Dodoma husimuliwa kuwa limetokana na neno la Kigogo idodomya, yaani limezama. Wazee waliijua ardhi hii kabla yetu.

Kwenye ramani weka alama za makorongo yote hata madogo, mabwawa, mbuga, visima, chemchemi, miteremko mikali na mahali maji yanapokata barabara. Kisha yatoe maeneo hayo kwenye hesabu ya viwanja kabisa. Sheria ya Mazingira ya 2004 imekataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, bwawa au ziwa. Kwa vijikorongo vidogo ndani ya mji, tenga ukanda unaotosha maji ya mvua kubwa, miti pande zote mbili na njia ya mtu kupita kwenda kusafisha. Ukanda huo ndio utakuwa bustani ya mji baadaye, na njia ya watoto kwenda shule bila kuvuka barabara ya magari.

Linda pia mahali maji ya kunywa yanapotoka. Jiji la Dodoma kwa miaka mingi limekunywa visima vya Mzakwe, bonde la Makutupora. Mji wako nao una Mzakwe yake, hata kama ni kisima kirefu kimoja. Kizungushie eneo lisilojengwa choo, karakana wala zizi, na liandike kwenye mpango tangu siku ya kwanza.

Hatua ya 2: Hesabu watu ambao hawajafika

Kosa tunalolirudia ni kupanga kwa ajili ya watu waliopo. Chukua idadi ya sensa mbili, tafuta kasi ya ongezeko kwa mwaka, kisha gawanya 70 kwa kasi hiyo. Jibu ni miaka ambayo mji utachukua kuongezeka mara mbili. Kati ya 2012 na 2022 Dodoma ilikua kwa zaidi ya asilimia 6 kwa mwaka, maana yake inajirudufu kila baada ya miaka 11 hivi.

Tuchukue mji wa mfano wenye watu 24,000 unaokua kwa asilimia 5. Sabini gawanya kwa tano ni 14. Baada ya miaka 14 una watu 48,000. Baada ya miaka 28 una 96,000. Kwa hiyo unatafuta nafasi ya watu 72,000 ambao leo wengi wao hawajazaliwa au bado wako vijijini.

Sensa ya 2022 ilionyesha wastani wa watu 4.3 kwa kaya nchini. Watu 72,000 ni kaya kama 16,750. Mjini kiwanja kimoja hubeba zaidi ya kaya moja: mwenye nyumba, wapangaji wa vyumba vya uani, kijana aliyeoa akaongezewa vyumba viwili. Tukikadiria kaya mbili kwa kiwanja, tunahitaji viwanja kama 8,400.

Sasa angalia ukubwa wa kiwanja unavyoamua hatima ya mji. Kwa wastani wa mita za mraba 500, viwanja vyote ni hekta 420 hivi. Viwanja vikichukua asilimia 55 ya ardhi yote, na kinachobaki kikawa barabara, shule, soko na maeneo ya wazi, unahitaji kama hekta 760, yaani kilomita za mraba 7.6. Ukigawa viwanja vya mita za mraba 1,200 kwa sababu ardhi ni nyingi na wanunuzi wanapenda uwanja mpana, unahitaji zaidi ya hekta 1,800. Watu ni walewale. Lakini bomba, nguzo za umeme, lami na safari ya bodaboda vyote vimeongezeka zaidi ya mara mbili, na mji wenye mapato madogo utabaki na barabara za vumbi kwa vizazi.

Ninalisema hili kwa uzito kwa sababu nimeona miji midogo ikijivunia viwanja vikubwa huku wananchi wake wakinunua maji kwa madumu.

Hatua ya 3: Jua ardhi ni ya nani na inatumikaje

Ardhi ya pembezoni si tupu hata kama picha ya setilaiti inaonyesha rangi ya udongo mtupu. Kuna makaburi ya familia chini ya mbuyu, mashamba ya zabibu, njia za ng'ombe kwenda lamboni, eneo la mnada, mahali pa matambiko. Kuna mashamba ya urithi ambayo ndugu watano wanayadai na hakuna hata mmoja mwenye karatasi.

Itisha mkutano wa kila mtaa au kitongoji, si mmoja wa kata nzima. Waite wanawake kwa muda wao pia, maana mkutano wa saa nne asubuhi huwakosa walio shambani na walio sokoni. Pita shamba kwa shamba na kamati ya wananchi, andika jina, mipaka, mazao na majirani wote wanne, kisha bandika orodha ofisi ya mtaa watu waisahihishe. Njia za mifugo zichore kama barabara kamili. Ng'ombe hawasomi ramani; wakikuta njia imejengwa watapita kwenye bustani ya mtu, na hapo ugomvi wa mkulima na mfugaji unaanza.

Hakikisha pia eneo linasimamiwa na sheria ipi. Ardhi ya kijiji ina Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, na mji una Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka huohuo pamoja na Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007. Mji ukimeza kijiji bila kulimaliza suala hili, utapata viongozi wawili wanaogawa ardhi ileile.

Hatua ya 4: Chora barabara kuu, hizo kwanza

Kama fedha na muda vinakutosha kwa jambo moja tu katika mwongozo huu, basi fanya hili. Chora mtandao wa barabara kuu za mji, zenye upana wa mita 30, zinazokatana takriban kila kilomita moja, mpaka mwisho wa eneo utakalolihitaji kwa miaka 30. Wazo hili lilitetewa sana na mtaalamu wa mipango miji Shlomo Angel, na miji kadhaa ya Ethiopia, kama Hawassa na Bahir Dar, ililifanyia kazi.

Uzuri wake uko kwenye hesabu. Katika kila kilomita ya mraba unahitaji kilomita 2 za barabara hizo, kwa kuwa kila upande unatumiwa pia na mraba wa jirani. Kilomita 2 kwa upana wa mita 30 ni hekta 6, yaani asilimia 6 tu ya ardhi. Mji wetu wa mfano wenye kilomita za mraba 7.6 unahitaji kama kilomita 15 za barabara kuu, ambazo ni hekta 46. Hizo hata halmashauri isiyo na uwezo mkubwa inaweza kuzishughulikia mashamba yakiwa bado mashamba.

Usizichore kwa rula tu. Pitisha barabara juu ya migongo ya ardhi kadiri inavyowezekana, na pale inapolazimika kuvuka korongo, ivuke kwa kukata moja kwa moja, penye kingo imara na penye wembamba, ili kalavati (njia ya maji chini ya barabara) au drifti (kivuko cha zege ambacho maji hupita juu yake) iwe fupi. Barabara inayoteremka sambamba na korongo itageuka kuwa korongo yenyewe ndani ya masika mawili.

Mita 30 watu huona ni nyingi. Waonyeshe zinakokwenda: njia ya magari mita 7, mabega mita 1.5 kila upande. Mitaro mita 1.5 kila upande. Mstari wa miti na nguzo mita 2 kila upande. Njia ya waenda kwa miguu na baiskeli mita 3.5 kila upande. Akiba ya mabomba na nyaya mita 3 kila upande. Jumla ni 30 kamili. Si lazima ujenge vyote leo. Leo pitisha greda upate njia ya udongo yenye mtaro, lakini mita 30 zibaki mita 30.

Kisha kuna barabara kuu ya taifa inayokatiza mji. Miji mingi ya kanda hii imezaliwa na barabara hiyo au na reli, kwa hiyo imenyooka kama mkia, maduka huku na huku na nyuma hakuna kitu. Sheria ya Barabara ya 2007 inaweka hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kuu, na TANROADS, wakala wa barabara za taifa, ndio wasimamizi wake. Barabara za ndani za wilaya ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017. Waite wote wawili mezani kabla ya kuchora. Pendekezo langu: usiruhusu kila kiwanja kifungue mlango wake kwenye barabara kuu hiyo ya taifa. Weka barabara ya huduma sambamba nayo, na makutano machache yanayojulikana. Mahali kama Kibaigwa, penye soko kubwa la mahindi, malori yanayosubiri kupakia yanahitaji uwanja wao nje ya njia ya mabasi, la sivyo mtoto anavuka kati ya malori mawili bila dereva yeyote kumwona.

Reli ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024, imezungushiwa uzio na huvukwa mahali palipojengewa kivuko tu. Ukiwa na reli hiyo, anza na vivuko vyake, uvute barabara zako zifike hapo. Hutaweza kuongeza kivuko kwa barua ya mtendaji.

Hatua ya 5: Gawa matumizi ya ardhi, bila kutenganisha maisha

Kila kilomita ya mraba iliyozungukwa na barabara kuu ichukulie kama kitongoji kimoja cha watu 9,000 hadi 10,000. Kati ya hekta 100, tumia takriban hekta 55 kwa viwanja vya makazi na biashara, 30 kwa barabara za kila aina, na 15 kwa shule, zahanati, maeneo ya ibada, viwanja vya michezo na kanda za maji. Hiyo asilimia 30 ya barabara ndicho kiwango ambacho shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, UN-Habitat, linakipendekeza, pamoja na angalau kilomita 18 za mitaa katika kila kilomita ya mraba.

Shule na soko dogo viweke katikati ya kitongoji, mtoto asivuke barabara ya mita 30. Maduka yapange kando ya barabara kuu na penye makutano, kwa sababu ndiko yatakakokwenda hata ukiyakataza. Ruhusu cherehani, genge, saluni na mama lishe ndani ya makazi. Anayepanga mji wa watu wa kipato cha chini kwa kutenga nyumba mbali na biashara anawaongezea nauli.

Vinavyohitaji kutengwa kweli ni vile vinavyodhuru: dampo, machinjio, mashine za kukoboa zinazotoa vumbi, karakana za kuchomelea, maghala ya mafuta. Upepo wetu mwingi hutoka mashariki na kusini-mashariki, hivyo weka shughuli hizo upande wa magharibi wa makazi, mbali na visima, na zifikiwe na barabara isiyopita shuleni. Makaburi yatengwe mapema, sehemu yenye udongo unaochimbika na maji ya chini yaliyo mbali. Hakuna diwani anayependa kulizungumzia hili kwenye kampeni, ila familia zinalihitaji kila wiki. Mnada wa mifugo nao upe eneo lake la kudumu lenye maji, choo na maegesho, nje kidogo ya mji; anayeijua Msalato siku ya mnada anajua watu na mifugo hujaa kiasi gani.

Stendi isikae kwenye makutano makubwa kuliko yote. Ipeleke mita mia tatu au nne ndani, karibu na soko.

Hatua ya 6: Mitaa ya ndani na viwanja

Hapa wengi hubana mno au hulegeza mno. Mchanganyiko ninaoutumia kwa hekta 100 ni huu: kilomita 2 za barabara za mita 30, kilomita 4 za mita 20 ambazo daladala na lori la taka hupita, na kilomita 15 za mita 10 mbele ya nyumba. Jumla ni kilomita 21 na hekta 29.

Panga viwanja vikiwa vyembamba mbele na virefu nyuma. Kiwanja cha mita 15 kwa 30, kikitazamana na mwenzake ng'ambo ya barabara, kinahitaji mita 7.5 za barabara na bomba. Cha mita 30 kwa 40 kinahitaji mita 15. Ukifika wakati wa kuchangia lami au maji, tofauti hiyo inalipwa na mwananchi. Changanya ukubwa ndani ya kitongoji kimoja, ili mwalimu, mwendesha bajaji na mfanyabiashara wakae mtaa mmoja.

Vichochoro visivyotoka viepuke. Kila pembe ya makutano ikatwe kidogo gari la zimamoto lipate kugeuka.

Hatua ya 7: Fidia, au wenye mashamba wachangie

Hapa ndipo mipango mingi hufia. Ukitwaa ardhi, unalipa fidia kamili inayopigiwa hesabu na mthamini aliyesajiliwa: thamani ya ardhi kwa bei ya soko, nyumba na mazao, posho ya usumbufu, posho ya makazi inayokadiriwa kwa kodi ya pango ya miezi 36, usafiri wa mizigo, na faida iliyopotea kwa mwenye biashara. Ilipwe kwa wakati. Usimwambie mtu asilime wala asijenge halafu ukae miaka mitatu unatafuta fedha. Huo ni uonevu, hata ukiitwa maendeleo.

Njia inayofaa zaidi miji midogo ni wenye mashamba kuchangia ardhi na kurudishiwa viwanja vilivyopimwa. Mfano: mzee ana ekari 4, kama mita za mraba 16,200. Barabara na huduma zikichukua asilimia 45, zinabaki 8,900, yaani viwanja 17 vya mita za mraba 500. Wakikubaliana kwamba 6 vigharimie upangaji, upimaji na kufungua barabara, mzee anabaki na 11 vyenye bikoni na njia mlangoni. Mara nyingi 11 hivyo vina thamani kubwa kuliko zile ekari 4 za mwanzo. Lakini mwonyeshe hesabu kwa maandishi, mbele ya watoto wake, mpe nafasi ya kukataa, na mgawanyo uwe uleule kwa mkubwa na mdogo. Jina la kiongozi likionekana na viwanja vya kona vinne, kesho yake hakuna atakayesaini.

Hatua ya 8: Pata idhini

Eneo litangazwe rasmi kuwa eneo la upangaji. Rasimu ipite kwa wananchi, kamati ya maendeleo ya kata, kamati ya halmashauri inayoshughulikia mipango miji, Baraza la Madiwani, kisha wizara yenye dhamana ya ardhi. Mpango kabambe ndio mwavuli. Michoro ya kina inafuata, halafu ramani za upimaji, halafu hati. Usiruke ngazi kwa haraka ya kuuza. Ardhi iliyouzwa kwa mchoro usioidhinishwa humrudia mnunuzi kama kesi.

Hatua ya 9: Greda kabla ya risiti

Siku mchoro unapoidhinishwa, weka bikoni za barabara kuu kabla ya bikoni za viwanja. Zile za kona zifanye kubwa, za zege, zilizopakwa rangi. Kisha leta greda. Si lazima moramu, yaani kifusi cha changarawe, si lazima kalavati zote. Njia ichongwe tu, mtaro ufuate, ardhi ionekane kuwa barabara. Siku hiyohiyo panda miti kando: miarobaini na miti mingine inayovumilia ukame. Mti uliopandwa kwa mstari humkataza mtu kujenga kuliko kibao.

Ndipo uanze kutoa risiti za viwanja. Yule mama wa jikoni angeiona barabara kwa macho yake asingenunua pale, na muuzaji asingethubutu kumwonyesha.

Ramani yenye majina ya mitaa na upana wa kila barabara ichore kwa rangi kwenye ukuta wa nje wa ofisi ya mtaa. Ukuta huonwa na kila anayekuja kupigiwa muhuri hati ya mauziano. Na mwenyekiti asigonge muhuri kabla ya kwenda kwenye kiwanja chenyewe na ramani hiyo, yeye, muuzaji, mnunuzi na majirani.

Hatua ya 10: Linda, kisha rudi kila mwaka

Chagua watu wawili kila mtaa wa kukagua bikoni mara mbili kwa mwaka, na walipwe posho hata kama ni ndogo. Anayeanza kuchimba msingi barabarani asimamishwe siku ya kwanza, kwa heshima, kwa maandishi, msingi ukiwa bado ni mfereji. Ukisubiri mpaka apaue, umemkosea yeye na mtaa. Alama nyekundu ya X ukutani, ile ya nyumba ya kubomolewa, maana yake mara nyingi ni kwamba kuna mtu alipita hapo mapema akanyamaza.

Kwa nyumba ambazo tayari zimo njiani, usikimbilie kuvunja. Keti na wananchi kwa mtindo wa urasimishaji makazi, yaani kupanga na kupima mtaa uliokwisha kujengwa bila mpango, muone kama barabara inaweza kusogezwa mita chache, au kupunguzwa upana sehemu hiyo, au kama kila mmoja anaweza kurudisha uzio nyuma mita mbili. Kwenye mtaa wa yule mama tulipata njia ya mita 9 kwa kuipindisha mara moja nyuma ya jiko lake. Choo kimoja kilihamishwa na ukuta mmoja ukarudishwa nyuma. Nyumba yake haikuguswa.

Na mvua za Aprili zikiisha, chukua daftari lilelile na mzee yuleyule, pita njia ileile ya mwaka wa kwanza. Andika mstari mpya wa tope umefika wapi, kalavati gani limezibwa na taka, bikoni ipi imeng'olewa. Mwezi Mei ardhi bado ni laini, na bikoni iliyong'oka hurudishwa kwa ndoo moja ya zege.